Mwaloni wa Langoni kwa Velibor

Velibor Zarić hakuwahi kuua mtu, na nadhani ni uvivu uliomzuia. Viumbe wengine wote alishawajaribu: fuko wa bustanini, paka wa jirani yetu Desanka, na nyuki wa chama cha wafuga nyuki, alichokiongoza msimu mmoja tu na nyuki wakahama wenyewe bila kuaga. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza katika ofisi ya mita za maji. Waliofanya naye kazi wanasema siku alipostaafu keki iliisha kabla hotuba yake haijaanza, na keki ilipoisha ukumbi nao ukaisha.

Huyu ndiye jirani yangu. Wengine Mungu huwapa jirani mwenye binti mzuri au mtambo mzuri wa rakia, pombe yetu kali ya matunda. Mimi nilipewa Velibor.

Tunakaa ukingoni mwa Lug, msitu wa mialoni ya kale unaoanzia pale mji wetu wa bonde la mto Morava unapoishia. Mingi ya mialoni ile ilikuwa mikubwa tayari wakati Waturuki wanakusanya kodi kivulini mwake. Babu zetu walilisha nguruwe humo. Baadaye halmashauri ya mji iliutangaza kuwa bustani ya watu wote, ikaweka mabenchi na kibao cha kukataza moto, na tangu hapo kila Jumapili watu wa mjini huja kuchoma nyama chini ya kibao hicho. Wakishiba hulala chali, hutazama matawi na kusema, "Amani iliyoje," huku wamevunja tawi la kuchochea makaa.

Nyumba ya Velibor ni ya mwisho, inatazamana na lango la Lug. Kati ya nyumba na lango umesimama mwaloni mmoja peke yake. Kwa mialoni ya Lug huo ni kijana, lakini kijana mwenye kifua, na tawi lake moja nene limepita juu ya paa la Velibor kama mtu aliyemwekea mwenzake mkono begani. Velibor aliuchukia mti huo kuliko alivyochukia kodi.

Sababu alikuwa nazo nyingi, na zilibadilika kulingana na anayemsikiliza. Kwa mkewe Milunka alisema kokwa zinadunda juu ya gari lake jeupe. Kwa daktari alisema chavua inambana kifua. Kwa halmashauri alisema mizizi inatishia bomba la maji, na hilo alilisema kwa sauti ya mtaalamu. Sababu yenyewe niliijua mimi. Juu ya nguzo za lango lake alikuwa ameweka simba wawili wa saruji, mmoja anacheka, mwingine anaonekana kuumwa jino.

"Watu wanapita hapo, jirani, kutwa nzima," aliniambia siku moja, uso umemwiva. "Hawaoni kitu!"

"Wangeona nini?"

"Simba!"

"Ah. Simba."

"Majani tu wanaona. Nimelipa fundi, nimelipa lori, nimelipa rangi, halafu watu wanaona majani!"

Halmashauri ikamjibu kwamba mwaloni wowote wa Lug, wa ndani au wa langoni, haukatwi. Akaandika tena. Ikajibu tena. Nadhani pale ofisini walishaanza kumpenda. Jibu lake lilikuwa tayari kabla barua yake haijafika.

Mwezi Machi akaja kwangu na sahani ya keki aliyooka Milunka. Velibor akija na sahani, ujue anataka kitu kizito kuliko sahani.

"Nikopeshe drili, jirani. Na ile biti yako ndefu ya kutobolea."

"Ya nini?"

"Kutundika picha takatifu. Mtakatifu Nikola, mlinzi wa nyumba yetu."

"Biti ile inatoboa ukuta na kutokea kwa jirani wa pili."

"Ukuta wangu mnene," akasema, na kwa hilo sikumbishia, maana hata kichwa chake ni kinene.

Alirudisha drili kabla ya chakula cha mchana. Biti ilikuwa imeshika unga wa kahawia wenye unyevu, na ulinuka kama pipa la mvinyo. Mimi chuo kikuu nilikiacha kabla hakijaniacha, tena kitivo cha misitu, na nilichobaki nacho kutoka kule ni urafiki na mwenye baa iliyokuwa mkabala. Lakini harufu ya mwaloni mbichi nilikuwa naijua kabla ya kujua kusoma.

"Huyu Mtakatifu Nikola umemtundika kwenye pipa?" nikamwuliza.

"Nyumba ya zamani hiyo," akasema, akaondoka na sahani yake kabla sijamaliza keki.

Nilitembea hadi langoni. Chini ya shina, upande unaotazama nyumba, kulikuwa na safu ya matundu yaliyozibwa kwa udongo na kupakwa tope juu, kazi ya mtu aliyezoea kuficha mambo kutoka kwa watu wasiojali. Udongo ulinuka dawa ya kuua magugu. Nikasimama pale nikacheka, kisha sikucheka.

Nilimwambia mtu mmoja tu, Desanka. Huyu ni mjane wa nyumba ya tatu, anauza jibini sokoni, anavuta sigara bila kutumia mikono, na ulimi wake ungeweza kunyolea kondoo. Mimi humwita shangazi, ingawa hatuna udugu.

"Wameshamnyima ruhusa, sasa ameupa mti sumu," akasema. "Kama mtu mzima kabisa. Na we Profesa unanitazama nini? Nenda kashitaki."

"Kwa nani, shangazi? Halmashauri itatuma mtu kupima. Mpaka mtu huyo apate gari, mti umekuwa kuni."

Desanka akapuliza moshi, akanyamaza. Akinyamaza yeye, mimi huogopa zaidi.

Sasa inabidi niseme habari ya zapis. Kila kijiji cha kwetu kina mti wake mmoja, kwa kawaida mwaloni, uliochongwa msalaba kwenye gome. Ndio huo tunaouita zapis. Kila Sikukuu ya Kupaa tunaandamana na bendera za kanisa kwenda kwake, kasisi anauchonga upya msalaba, tunakata mkate, tunakula kondoo. Na mti ule haukatwi. Sio shina, sio tawi, sio kijiti. Hata tawi kavu lililoanguka lenyewe haliokotwi na mtu, hata kama mtoto wake anatetemeka kwa baridi. Kila mtu ana hadithi ya mjomba fulani aliyejenga zizi kwa tawi la zapis akazika nguruwe wote kabla ya Krismasi. Mimi siamini mambo haya hata kidogo. Na sijawahi kuokota kijiti pale.

Zapis yetu ya zamani, katikati ya Lug, ilikuwa imeanguka kwa dhoruba ya majira ya baridi. Kwa hiyo mwaka huo ulihitajika mti mpya. Kuwa mwenyeji wa sherehe mwaka wa kawaida ni heshima ya siku moja: unalisha watu, wanalalamika nyama ina chumvi, basi. Lakini mwenyeji wa mwaka wa mti mpya jina lake linatajwa maadamu mti umesimama. "Zapis ya zamani za fulani," watu watasema, hata kama fulani alikuwa mpumbavu.

Velibor aliposikia hivyo, simba wa saruji walimtoka moyoni. Huyu mtu alitaka kuonekana. Haikumjalisha kwa kitu gani. Tatizo lilikuwa moja: zamu ya uenyeji mwaka huo ilikuwa ya Desanka.

Akamwendea na kahawa, na peremende laini za sukari ya unga, na Baba Gavrilo, kasisi wetu, mtu mpole anayeamini kila anachoambiwa akiwa amekalishwa mezani. Mimi nilikuwepo, nashughulikia rakia ya Desanka.

"Desanka, dada yangu," Velibor akaanza, "umri nao umekwenda. Kondoo, mkate, meza, watu wote wale. Ni mzigo."

"Mzigo ni wewe kukaa kwenye kiti changu."

"Nakuonea huruma tu."

"Nihurumie ukiwa kwako. Sema unachotaka, rakia inapoa."

"Rakia haipoi," nikasema.

"Wewe nyamaza, unakunywa ya bure."

Velibor akamtazama Baba Gavrilo, na Baba Gavrilo akatazama peremende. "Velibor anajitolea kubeba zamu yako," kasisi akasema, sukari ndevuni. "Kwa upendo."

Desanka akavuta sigara mpaka ikaungua nusu. Nilimwona akinitazama kwa pembe ya jicho.

"Sawa," akasema. "Zamu achukue. Lakini mti nachagua mimi."

"Chagua!" Velibor karibu aruke. "Chagua hata mplamu, dada yangu! Mti ni mti."

"Umesikia, Baba? Mti ni mti."

Wakapeana mikono mbele ya kasisi, wakagonga glasi. Velibor alitoka pale akitembea kama mtu aliyeanza kupigiwa ngoma asizozisikia wengine.

Wiki zilizofuata zilikuwa za aibu kwetu sote. Alishona suti. Alimfanya Milunka aoke mkate wa majaribio mara kwa mara, na kila mara akasema haujainuka vya kutosha, yeye ambaye mwenyewe hajawahi kuinuka. Aliamua, kichwani mwake, kwamba Desanka atachagua ule mwaloni mkubwa wa kisimani, ndani ya Lug, kwa sababu mtu yeyote mwenye macho angechagua huo. Akaamuru meza zipangwe huko tangu alfajiri.

Siku ya Kupaa tukatoka kanisani kwa bendera na wimbo. Mbele Desanka na fimbo yake, nyuma yake Velibor na mkate mikononi, kisha Baba Gavrilo, kisha sisi wengine kwa mpangilio wa njaa. Tukaingia Lug. Wachoma nyama wa mjini wakasimama na koleo zao, wakatupiga picha. Tukafika kisimani. Velibor akasimama chini ya mwaloni mkubwa, akageuka, akatabasamu kwa ajili ya vizazi vijavyo.

"Bado," akasema Desanka, akapita.

"Bado?"

"Miguu yangu ndiyo imekwenda umri au masikio yako? Bado."

Akatuzungusha njia nzima ya bustani mpaka tukatokea tena langoni, akatoka nje ya lango, akavuka barabara, na akapiga shina kwa fimbo, ko, ko, kama anayebisha hodi. Ule wa Velibor. Wenye tawi begani. Simba wawili wakawa wanatutazama kupitia majani.

"Huu," akasema.

Nimeona watu wakipokea habari za msiba kwa utulivu zaidi. Velibor akaubana mkate kifuani.

"Baba," Velibor akasema, "huu ni mchanga."

"Vizuri. Utaishi sana," akajibu Baba Gavrilo, akitafuta kisu cha kuchongea kwenye kanzu.

"Umeinama."

"Nani kati yetu hajainama, mwanangu?"

"Uko barabarani! Na magari…"

"Wapita njia watabarikiwa."

"Baba, mti huu ni mgonjwa!"

Hata wachoma nyama waliotufuata waliacha kutafuna.

"Mgonjwa?" Desanka akauliza, taratibu kabisa. "Mbona una majani mazuri hivi? Umejuaje, jirani?"

Velibor akanitazama mimi. Mimi nikatazama simba mwenye jino.

"Nahisi tu," akasema.

"Basi utauombea," akasema Baba Gavrilo, na kisu kikaingia kwenye gome.

Msalaba ulichongwa. Mafuta yakapakwa, uvumba ukapanda. Na kwa desturi mwenyeji ndiye hutangulia kubusu mti. Velibor akapiga magoti ndani ya suti mpya na kubusu gome, matundu yake mwenyewe yakiwa chini ya kidevu. Alipoinuka alikuwa na tope mdomoni. Watu wakaona ni unyenyekevu. Kikongwe mmoja nyuma yangu akalia.

Kabla nyasi hazijakatwa mara ya pili, majani ya upande wa nyumba yakaanza kujikunja. Kwa mtu mwingine ungekuwa mti tu. Lakini kwa watu wetu zapis ikikauka mwaka uleule ilipochongwa, kosa ni la mwenyeji, na nyumba ya mwenyeji ndiyo inayofuata kukauka. Velibor, aliyejiita mtu wa sayansi kwa sababu aliwahi kusoma mita, aliamini jambo hili mpaka kwenye uboho. Milunka aliniambia mumewe hali wala halali, anamwamsha usiku kumwuliza kama moyo unaweza kusimama wenyewe.

Akaja kwangu. Safari hii bila sahani.

"Jirani, wewe ulisoma mambo haya. Tuseme mtu amekunywa sumu. Kwa bahati mbaya."

"Mtu gani?"

"Mtu tu. Wa aina ya mti."

"Na bahati mbaya hiyo iliingia kwa biti ndefu?"

Akakaa kwenye ngazi yangu akashika kichwa. Ningemwonea huruma, lakini nilikuwa nimeshaitumia yote kwa mti.

"Maji," nikamwambia. "Mengi. Asubuhi na jioni. Usafishe sumu itoke."

Sikujua kama ni kweli. Nilitaka kumwona akibeba.

Na akabeba. Mpira wa maji alikuwa nao, bomba alikuwa nalo, lakini alijua kuliko mtu yeyote jinsi mita inavyozunguka, na hata mbele ya laana ya nyumba yake hakukubali izunguke. Kwa hiyo alisukuma toroli la madumu kutoka kisimani ndani ya Lug, kiangazi kizima, akipumua kama filimbi iliyopasuka. Alizibua matundu, akayamwagia, akayasuuza, akayaongelesha. Ndiyo, akayaongelesha. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Kunywa, mpenzi, kunywa." Milunka alisema yeye hajawahi kuitwa hivyo.

Hapo ndipo ujinga wa watu wetu ulipofunguka kikamilifu. Wakimbiaji wa asubuhi walisimama kumpiga picha. Baba Gavrilo akamhubiri kanisani: tazameni, alisema, mtu mmoja na toroli moja. Televisheni ya mji ikaja, na Velibor akasimama mbele ya mwaloni na kusema kwa macho yaliyolowa, "Mimi na mti huu tunaelewana tangu utotoni." Desanka alikuwa anakata jibini wakati huo, akajikata kidole. Na lililo baya zaidi ni kwamba kufikia Septemba Velibor mwenyewe alikuwa anaamini. Alinionya nisiegemeze baiskeli yangu kwenye mti. "Watu hawana heshima," aliniambia, mimi, mwenye drili.

Majira ya baridi yakapita. Mwezi wa Aprili Lug yote ikachipua, na mwaloni wa langoni nao ukachipua, shina na kichwa na mikono, kijani kibichi cha kukufanya uamini kitu. Umepona kwa maji au kwa ukaidi wake, sijui. Ulichipua wote isipokuwa tawi moja. Lile la begani. Upande ule ndiko alikotoboa, na tawi lile lilikuwa limekauka kabisa, jeupe, zito kama ng'ombe, limening'inia moja kwa moja juu ya chumba anacholala.

Alikimbilia halmashauri. Na halmashauri, iliyomnyima miaka yote ile, ikamkubalia mara hiyohiyo: tawi kavu ni hatari, kata. Akaita wakata miti wa kwetu. Wakamcheka. Akaita wa mjini. Walikuja na lori na ngazi, mkubwa wao akapanda nusu, akauona msalaba, akashuka.

"Hukuniambia ni zapis."

"Ni tawi tu! Limekufa!"

"Na mimi nina watoto walio hai, bwana," akasema, akarudisha ngazi kwenye lori.

Velibor akatoa msumeno wake mwenyewe. Nilimwona kutoka dirishani, amesimama chini ya tawi, msumeno mkononi, midomo inacheza. Akaurudisha bandani.

Sasa simba wanaonekana. Majani yaliyowaficha hayapo tena, na kila mpita njia angeweza kuwatazama kwa nafasi. Hakuna anayewatazama. Wote wanainua shingo kuangalia tawi, wanafanya ishara ya msalaba, wanavuka upande wa pili wa barabara. Upepo wa juzi ulidondosha kijiti kikavu, kikamng'oa sikio yule simba anayecheka, na kijiti bado kiko palepale kichwani mwake, kwa sababu hakiokotwi. Gari jeupe linalala mbali, mbele ya nyumba yangu. Milunka amehamishia kitanda jikoni. Velibor amebaki chumbani, kwa kuwa akihama, watu watauliza mwenyeji wa zapis anaogopa nini.

Jana alikuja. Mkononi vyuma vya nguzo, suruali imejaa saruji. Anajenga mhimili wa kulishikilia tawi, toka chini mpaka juu, ili lisimwangukie.

"Nikopeshe drili, jirani."

Nikamtazama.

"Ya kutundika mtakatifu?"

Macho yake yakapanda juu, kwenye lile jeupe, yakashuka haraka.

"Ya zege," akasema. "Natoboa zege tu, chini, nakuapia. Mti siugusi."

Nikampa. Ile biti ndefu nilibaki nayo.